Ukingoni mwa mto: Fumbo la wimbo 'Close to the Edge' na namna ya kulifumbua

KWA zaidi ya nusu karne, wapenzi wa muziki wa roki wamekuwa wakikuna vichwa kuhusu wimbo mmoja wa Kiingereza ambao hata Waingereza wengi hukiri kwamba hawauelewi. Wimbo huo, Close to the Edge, ulitolewa na bendi ya Yes ya Uingereza mnamo Septemba 1972. Unachukua zaidi ya dakika 18, na ndio uliojaza upande mzima wa kwanza wa santuri iliyobeba jina hilo hilo.

Ugumu wake hauko katika msamiati. Takriban kila neno lililomo hupatikana katika kamusi ya kawaida. Tatizo ni jinsi maneno hayo yalivyounganishwa. Sentensi huanza na kukatika kabla ya kufika mwisho, nomino hukalia kiti cha kitenzi, na mchawi, ini, mwezi, mto, kilima na majira ya mwaka hupita mbele ya msikilizaji mithili ya vitu vilivyosombwa na mafuriko.

Kutokana na hali hiyo, pamezuka kambi mbili. Kambi ya kwanza hushikilia kuwa maneno hayo ni upuuzi mtupu uliopambwa kwa ala nzuri. Ya pili huamini kwamba kila neno limeficha siri, na kwamba asiyeiona ana upungufu wake mwenyewe. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hata hivyo, werevu haumaanishi kulazimisha maana mahali ambapo mtunzi hakuitia. Ukweli kuhusu wimbo huu umo baina ya kambi hizo mbili, na unaweza kufikiwa pasi na kubahatisha.

Fauka ya hayo, suala hili si la mashabiki wa gitaa pekee. Anayeufuatilia wimbo huu hadi tamati atagundua kwamba unagusa jambo zito ambalo halibagui taifa wala kizazi: mtu aliyefika mahali ambapo uhai umekosa ladha, na kile kilichomrudisha nyuma akiwa amebakisha hatua moja tu.

WALIOUTUNGA

Yes iliundwa jijini London mwaka 1968 na mwimbaji Jon Anderson pamoja na mpigaji gitaa la besi, Chris Squire. Kufikia 1972 bendi ilikuwa pia na Steve Howe kwenye gitaa, Rick Wakeman kwenye vinanda na Bill Bruford kwenye ngoma. Close to the Edge ulitungwa na Anderson na Howe. Kazi ya kurekodi ilifanyika katika studio ya Advision, London, chini ya usimamizi wa mhandisi wa sauti Eddy Offord. Vipande vya wimbo vilirekodiwa kimoja baada ya kingine, kisha utepe ukakatwa na kuungwa hadi vikawa kitu kimoja. Bruford alichoshwa na mtindo huo wa kazi. Mara tu santuri ilipokamilika, aliihama bendi na kujiunga na King Crimson, na nafasi yake ikatwaliwa na Alan White.

Yes na King Crimson walikuwa miongoni mwa waasisi wa mtindo wa roki uitwao progresivu, yaani roki inayojitahidi kupiga hatua mbele. Wanamuziki wa kundi hilo walikuwa wamechoshwa na wimbo wa mapenzi wa dakika tatu. Walitaka roki iwe na upana wa simfonia, wimbo uwe na sehemu kadhaa zenye mahadhi tofauti, na maneno yake yabebe mambo ambayo hadi wakati huo yaliachiwa washairi na wanafalsafa. Mwaka huo huo wa 1972, bendi ya Genesis ilitoa Supper's Ready, wimbo wa takriban dakika 23 uliochota taswira zake katika Kitabu cha Ufunuo.

Si kila aliyeandika kwa mafumbo wakati huo alikuwa na dhamira nzito. Bendi ya Jethro Tull ilitoa Thick as a Brick, pia mwaka 1972, ambapo wimbo mmoja ulienea pande zote mbili za santuri. Kiongozi wake, Ian Anderson, ambaye si nduguye Jon Anderson, amewahi kueleza kwamba kazi hiyo ilikusudiwa kuufanyia mzaha mtindo wenyewe. Kwa hivyo, swali la kwanza ambalo mfasiri wa wimbo wa aina hii anafaa kujiuliza ni iwapo mtunzi alikuwa akisema kweli au akicheka. Kwa upande wa Close to the Edge, kuna ushahidi wa kutosha kwamba alikuwa akisema kweli. Ushahidi huo unaanzia katika kitabu.

KITABU KILICHO NYUMA YA WIMBO

Vijana wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 1960 walikuwa wamegeuza macho kuelekea dini na falsafa za Mashariki. Mapema mwaka 1968, wanamuziki wa Beatles walisafiri hadi Rishikesh, India, kujifunza tafakuri kwa Maharishi Mahesh Yogi. Mwandishi aliyesomwa sana na kizazi hicho ni Hermann Hesse, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1877 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1946. Bendi ya Steppenwolf ilijiita kwa jina la riwaya yake ya 1927. Santana nao waliita santuri yao ya 1970 Abraxas, neno ambalo Hesse alilitumia katika riwaya ya Demian.

Hesse hakuijua India kwa kusikia tu. Mama yake alizaliwa huko, na babu yake mzaa mama, Hermann Gundert, alikuwa mmishonari aliyeandika kamusi ya lugha ya Kimalayalam. Gundert alitoka Württemberg, eneo lile lile la Ujerumani lililomtoa Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Hesse mwenyewe alisafiri hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Sumatra mwaka 1911.

Riwaya yake iitwayo Siddhartha ilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1922, na tafsiri ya Kiingereza ya Hilda Rosner ikatoka mwaka 1951. Hiki ndicho kitabu ambacho Jon Anderson amekitaja mara kwa mara kama chimbuko la wimbo.

Kisa chenyewe si kigumu. Siddhartha, mwana wa kuhani wa Kihindu, anaondoka kwao pamoja na rafiki yake Govinda kuitafuta hekima. Anaishi na watawa wa msituni wanaojinyima kila kitu, lakini hatosheki. Anamsikiliza Buddha mwenyewe, anamstahi, ila anakataa kumfuata kwa kuwa anaamini kwamba hekima haipokewi kwa mafundisho ya mtu mwingine. Govinda anabaki kwa Buddha.

Siddhartha anaingia mjini, ambako Kamala, mwanamke mrembo, anamfunza mapenzi, naye tajiri Kamaswami anamfunza biashara. Miaka inapita. Anatajirika, anazama katika kamari na ulevi, hadi siku moja anajichukia na kutoroka bila kuaga.

Anafika kwenye mto aliokuwa ameuvuka zamani. Anaegemea mnazi ulioinamia maji, anaiona sura yake mle ndani na kuitemea mate, tayari kujiachia azame. Hapo, kutoka kwenye pembe fulani ya nafsi yake, inasikika silabi moja ya sala za Kihindu aliyoifahamu tangu utotoni: Om. Anashtuka kuona alikokuwa amefika, analala chini ya mnazi huo, na anapoamka ni mtu mwingine.

Baadaye anakwenda kuishi na Vasudeva, mzee anayevusha watu kwa mashua. Mzee huyo hana mahubiri. Anamwambia Siddhartha ausikilize mto. Kadiri anavyousikiliza, ndivyo anavyong'amua kwamba mto uko kila mahali kwa wakati mmoja, kwenye chemchemi, kwenye maporomoko, kwenye kivuko na baharini, na kwa hivyo wakati wenyewe ni kivuli. Sauti za vilio na vicheko vya binadamu wote zinasikika ndani ya maji hayo, na zikiungana huwa neno lile lile lililomwokoa.

UKINGO UPI?

Pindi kisa hicho kinapofahamika, jina la wimbo huacha kuwa kitendawili. Ukingo unaotajwa ni mahali pawili kwa pamoja. Kwanza ni ukingo wa mto. Pili ni mpaka kati ya uhai na kifo, na kati ya kukata tamaa na kuzinduka. Kiingereza huhitaji maneno mawili kueleza hali hizo, ndiposa wasikilizaji wengi wa lugha hiyo hudhani jina lazungumzia jabali refu au hatari ya jumla. Msomaji wa Kiswahili ana nafuu hapa, kwa kuwa neno ukingo hubeba maana zote mbili bila kulazimishwa.

Mto wenyewe una historia ya kuchekesha kidogo. Kwa maelezo ya Howe, wazo la kuwa karibu na ukingo lilimjia kutokana na maisha yake kando ya Mto Thames, katika mtaa wa Battersea. Lilikuwa jambo la mtaani, lisilo na India wala Buddha. Anderson alipolichukua, aliliunganisha na kitabu alichokuwa akikisoma, nao mto wa London ukageuka kuwa mto wa Siddhartha.

Jambo hilo lina funzo kwa mfasiri. Chanzo cha neno na maana yake ndani ya kazi iliyokamilika ni vitu viwili tofauti. Anayesema kwamba wimbo wahusu Thames hakukosea, ila ameishia kwenye chemchemi, ilhali mto umefika mbali zaidi.

SEHEMU NNE, SAFARI MOJA

Wimbo umegawanywa katika sehemu nne, na kila sehemu ina jina. Anayetaka kuufumbua hana budi kusikiliza mpangilio huo kabla ya kuyahangaikia maneno, kwa sababu muziki wenyewe unasimulia.

Kabla ya sehemu ya kwanza kuanza kuimbwa, husikika ndege na maji yanayotiririka. Kisha bila onyo, gitaa, besi, ngoma na kinanda hulipuka kwa fujo inayoelekea kumlemea msikilizaji. Takriban dakika nne hupita kabla ya mwimbaji kuanza kuimba maneno. Mpangilio huo unaeleweka kwa urahisi: utulivu wa asili upo, lakini mwanadamu ameingia katika ghasia na haupati.

Sehemu ya kwanza inaitwa The Solid Time of Change, jina linalodokeza wakati mgumu wa mabadiliko. Hapa anatokea yule mchawi wa kike aliyebobea, mwenye uwezo wa kumwopoa mtu aliyezama katika fedheha, na ghafla linatajwa ini. Wakosoaji wengi wa Kiingereza wameicheka taswira hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu chache za kucheka. Katika lugha hii, maneno machungu hukata maini, na aliyekatwa maini haendi kutibiwa hospitalini. Ini ni makao ya hisia. Kulipanga upya ni kumgeuza mtu kutoka ndani.

Anderson mwenyewe alipoulizwa kuhusu ubeti huo, alieleza kwamba maana yake ni kuwa nafsi ya juu iliyomo ndani ya mtu hatimaye humtoa katika ulimwengu wake wa giza. Maelezo hayo yanaoana barabara na tukio la mtoni. Siddhartha haokolewi na mpita njia wala na mwalimu. Sauti inayomwita inatoka ndani yake mwenyewe, na inamkuta akiwa katika kina cha aibu.

Baadaye, katika sehemu ya nne, limo pia wazo kuhusu wakati uliopo baina ya noti moja na nyingine, yaani kimya kinachotenganisha sauti. Ni wazo la mwanamuziki, ila pia ni la Vasudeva. Mzee wa kivuko hakufundisha kwa maneno bali kwa kunyamaza na kusikiliza.

Sehemu ya pili, Total Mass Retain, hurejelea mahadhi ya ile ya kwanza kwa mdundo uliovunjwavunjwa. Ndiyo ngumu kupita zote kwa maneno. Hata hivyo, ndani yake kuna taswira ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa msikilizaji asiye na habari za riwaya, taswira hiyo hupita bila kugusa kitu. Kwa anayeijua, ni mashua ya Vasudeva, na ni kazi ambayo Siddhartha aliifanya kwa miaka mingi: kuvusha wengine huku yeye akibaki mtoni.

Sehemu ya tatu, I Get Up, I Get Down, inazungumzia kuinuka na kushuka. Ngoma zinanyamaza. Sauti zinajibizana taratibu: Squire na Howe wanaimba maneno yao huku Anderson akiimba yake juu yao. Anatajwa mwanamke mwenye huzuni, lawama na kusulubiwa, na linaulizwa swali kuhusu umati wa watu wanaodanganywa kila siku. Ndipo inapoingia sauti ya kinanda kikubwa cha kanisa, ambacho Wakeman alikipiga katika kanisa la St Giles-without-Cripplegate jijini London. Kinanda hicho kinapanda kwa fahari, kisha kinatwaliwa na sauti kali ya sintesaiza inayokipokonya nafasi.

Ni rahisi kuona hapa uwanja wa dini iliyopangwa, yenye fahari na huzuni zake. Si lazima kusema kwamba wimbo unalishambulia kanisa. Siddhartha alimheshimu Buddha hata alipokataa kumfuata. Kinanda kile kinapewa heshima zake zote, lakini safari haiishii pale.

Sehemu ya nne ni Seasons of Man, majira ya binadamu. Ghasia za mwanzo zinarudi, safari hii zikiwa zimetiwa adabu, na mahadhi yaliyosikika awali kwa wasiwasi sasa yanaimbwa kwa uthabiti. Hapa ndipo kinapotajwa kile kimya cha baina ya noti. Wimbo unapomalizika, ala zote zinatoweka na kuacha ndege na maji yaliyosikika mwanzoni.

Mduara huo ndio hoja kuu ya wimbo mzima. Maji hayakubadilika. Yalikuwa yakitiririka kabla ya fujo kuanza, na huenda yalikuwa yakitiririka chini yake muda wote. Aliyebadilika ni msikilizaji, kama Siddhartha alivyourudia mto ule ule aliouvuka akiwa kijana na safari hii akausikia.

NDOTO YA KIFO

Kuna ubeti mmoja karibu na mwisho ambao haupatikani katika kitabu cha Hesse. Unamwonyesha mtu anayenyoosha mkono kuelekea angani, kisha anageuka na kuonyesha jamii yote ya wanadamu, na mahali panapohusika ni kilimani, juu ya bonde lililo kimya.

Anderson amesimulia kwamba ubeti huo ulitokana na ndoto aliyoiota zamani. Katika ndoto hiyo alikuwa akipita kutoka ulimwengu huu kwenda mwingine, na badala ya kuogopa alijawa na furaha kiasi kwamba tangu siku hiyo kifo hakikumtisha tena.

Maelezo haya ni muhimu mno kwa anayetafuta maana. Yanaonyesha tofauti kati ya vifo viwili vilivyomo ndani ya wimbo mmoja. Kuna kifo ambacho mtu anakikimbilia kwa sababu amejichukia, na ambacho sauti ya ndani inamzuia asikiendee. Halafu kuna kifo ambacho ni sehemu ya majira, kinachokuja kwa wakati wake, na ambacho aliyetulia anaweza kukitazama bila hofu. Wimbo unamwondoa mtu kwenye kile cha kwanza ili aweze kukipokea cha pili. Asiyeitambua tofauti hiyo anaweza kudhani kwamba ukingo unasifiwa, ilhali kinachosifiwa ni kurudi kutoka ukingoni.

PALE NENO LINAPOKUWA SAUTI TU

Baada ya kusema hayo yote, ni haki kukubali kwamba kambi ya wanaoona upuuzi nayo ina hoja. Anderson hajaficha kuwa mara nyingi huchagua neno kwa jinsi linavyosikika kinywani, kabla ya kufikiria maana yake. Sauti yake ni nyembamba na ya juu, na katika bendi yenye wapigaji mahiri kama hao, yeye huitumia kama ala mojawapo.

Mfano bora umo katika santuri hiyo hiyo. Wimbo wake wa tatu na wa mwisho unaitwa Siberian Khatru. Kwa maelezo ya Anderson, neno khatru alilitumia bila kujua lina maana gani, na ni baadaye tu alipofahamishwa kwamba katika Kiarabu cha Yemen lina maana ya 'upendavyo'. Mtu aliyeketi kutafuta falsafa nzito nyuma ya neno hilo angekuwa akiitafuta mahali ambapo mtunzi mwenyewe hakuwahi kufika.

Kwa hivyo, katika Close to the Edge pia ipo mishororo ambayo mfasiri mwaminifu hufika akasimama. Sehemu ya pili, mathalan, ina mafungu ya maneno yasiyotoa sentensi kamili hata yakipangwa upya. Yana mdundo, yana rangi, na yanasaidia kuijenga hali ya mtu aliyechanganyikiwa. Kazi yao inaishia hapo. Kuyabebesha siri za ulimwengu ni kumtendea mtunzi dhuluma, sawa na kumwita mpuuzi.

Yaliyofuata mwaka 1973 yanathibitisha hatari iliyopo. Yes walitoa Tales from Topographic Oceans, santuri mbili zenye nyimbo nne tu na muda unaozidi dakika 80. Msingi wake ulikuwa maelezo ya chini ya ukurasa katika kitabu cha Paramahansa Yogananda, Autobiography of a Yogi, kuhusu maandiko ya kale ya Kihindu. Baadhi ya wasikilizaji waliipenda, lakini wakosoaji wengi waliona kwamba bendi ilikuwa imepotelea katika ukungu wake yenyewe. Wakeman, ambaye hakuifurahia kazi hiyo, aliondoka mwaka 1974.

Tofauti kati ya kazi hizo mbili si kiwango cha mafumbo. Zote zina mafumbo tele. Ila katika ile ya 1972, chini ya mafumbo kuna kisa chenye mtu, mnazi na maji, na msikilizaji akipotea anaweza kuushika mto akafuata mkondo. Katika ile ya 1973 kuna mfumo wa mawazo, na mfumo haumshiki mkono aliyepotea.

NAMNA YA KUFUMBUA

Kutokana na mfano huu, msomaji anaweza kupata mwongozo wa kukabiliana na wimbo wowote wa aina hii, au hata shairi gumu lisilojifungua mara moja.

Mosi, aanze na yanayojulikana. Nani alitunga, lini, na alikuwa akisoma nini? Pasipo Siddhartha, mto wa Yes ni mto wowote.

Pili, asikilize umbo kabla ya neno. Wapi kuna kelele, wapi kuna kimya, ni kitu gani kinachorudi mwishoni? Mtunzi anaweza kuficha maana katika mishororo, lakini ni vigumu kuificha katika mpangilio.

Tatu, atafute taswira zinazojirudia na kuzishikilia hizo. Mto, kuvuka, kuinuka na kushuka, majira: hizi ndizo nguzo. Neno lililojitokeza mara moja na kutoweka halifai kujengewa nyumba.

Nne, ayapokee maelezo ya mtunzi kama ushahidi mmojawapo. Yana uzito, hasa yanapolingana na kazi yenyewe, ila mtunzi huulizwa miaka mingi baada ya kutunga, na kumbukumbu nayo hutunga.

Tano, akubali kuacha baadhi ya maneno bila maana. Asiyeweza kukubali hilo ataishia kusoma mawazo yake mwenyewe na kumsingizia mwenye wimbo.

Hermann Hesse alifariki Uswisi mwaka 1962, miaka 10 kabla ya wimbo kutoka, na hakupata kuusikia. Chris Squire aliaga dunia mwaka 2015. Santuri yao bado inasikilizwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa bendi hiyo ilipokuwa kileleni, na wengi wao huanza kwa kuuliza swali lile lile la miaka ya 1970: maneno haya yana maana gani?

Jibu fupi ni kwamba mtu alifika ukingoni, akasikia sauti, akarudi, na akabaki pale pale mtoni kuwavusha wengine. Anayetaka jibu refu atahitaji kutenga dakika 18 na kuusikiliza wimbo wote bila kukatizwa, kuanzia ndege na maji ya mwanzo hadi ndege na maji ya mwisho.